Fundi wa Kabureta Mbili

Kwanza niseme wazi kwamba hakuwa mtu mnyenyekevu. Siku hizi mtu akianza kusimuliwa tu anavishwa unyenyekevu hata kama hakuwahi kuwa nao, na Fundi angenikasirikia sana kwa hilo. Alijua kwamba kuanzia Tunduma mpaka Iringa hakuna mwingine awezaye kusawazisha kabureta mbili za pikipiki moja, na alilisema hilo kwa watu ambao hawakumuuliza: kwenye foleni ya maji, msibani, kwa kondakta wa basi. Asichokuwa anaongeza ni kwamba kuanzia Tunduma mpaka Iringa, pikipiki zenye kabureta mbili alizozijua zilikuwa tatu. Moja ya mwenye mashine ya kupasua mbao Igowole, moja ya mfanyabiashara wa nguo Iringa mjini, na moja yangu.

Kwa wasiojua: pikipiki hizi za bodaboda zina pistoni moja na kabureta moja, kile kidude kinachochanganya petroli na hewa kabla havijaingia kwenye injini. Yangu ina pistoni mbili zilizotokeza pembeni, moja kulia na moja kushoto, kama mwanamke aliyeshika kiuno anasubiri maelezo. Kila pistoni ina kabureta yake. Zote mbili zikivuta sawa, mashine inanguruma kwa utulivu. Moja ikivuta kuliko mwenzake, pikipiki nzima inatetemeka, kioo kinakuonyesha malori mawili nyuma yako penye moja, na ukifika Chimala mikono imekufa ganzi.

Nilijua habari hizo kwa sababu nilikuwa bibi shamba. Wakulima wangu wa mpunga walikuwa Usangu na mimi nakaa Soweto, Mbeya, na pikipiki hiyo ndiyo iliyonipeleka. Marehemu mume wangu aliinunua kwa msafiri mmoja aliyetoka kwao akisema anaizunguka Afrika yote, akafika Mbeya, akachoka. Mume wangu alipofariki, ukoo mzima ulinishauri niiuze. Niliwaambia naihitaji kwa kazi. Ukweli ni kwamba niliipenda, na bado naipenda kuliko baadhi ya walionishauri.

Fundi alikuwa anakaa mtaa wa pili. Hakuwahi kuniita jina lolote ila Bibi Shamba, hata mbele ya mchungaji, hata nilipostaafu.

Kifaa chake alikitengeneza mwenyewe. Alikuwa amesikia kwamba kuna vipimo vya dukani, vina saa mbili za mshale, vinatoka nje, na alivizungumzia kwa sauti ambayo watu wengine huitumia kwa mashemeji wavivu. Chake kilikuwa mpira wa dripu, ule mwembamba unaoonyesha ndani. Aliununua mpya duka la dawa, na muuzaji alipouliza mgonjwa ana tatizo gani, alimjibu kwamba anavuta hewa zaidi upande wa kulia. Muuzaji akamshauri ampeleke hospitali ya rufaa haraka.

Mpira huo aliukunja katikati, akaufunga kwa waya kwenye ubao uliosimama, akatia mafuta mekundu ya giaboksi mpaka nusu. Ncha moja anaichomeka kwenye kabureta ya kulia, nyingine ya kushoto, injini inawashwa na kuachwa inanguruma taratibu bila kwenda popote, hali ambayo mafundi wetu wanaiita sailensi. Kabureta yenye nguvu inayavuta mafuta kuja upande wake. Hapo Fundi anazungusha skrubu ndogo, robo kwa robo, mpaka mafuta ya pande zote mbili yasimame mstari mmoja. Ndiyo hiyo tu. Kile kigurudumu cha kubania dripu alikiacha kifanye kazi ile ile ya hospitali, kuzuia mbio, maana bila kubana, mafuta yanarukaruka na huwezi kusoma kitu.

Siku moja alisahau kubana. Injini ikayanywa mafuta yote kwa mkupuo na moshi mweupe ukaufunika mtaa wetu mpaka tukawa hatuoni duka la ng'ambo. Jirani yangu alikuja mbio na ndoo ya maji.

"Gwe Fundi! Unachoma nini huko?"

"Sichomi," alisema Fundi kutoka ndani ya moshi. "Imepaliwa."

Ubao huo ulikuwa wa mkewe, ule wa kukatia mboga. Mkewe hakukataa autumie, ila kila jioni alikuja kuuchukua, kwa sababu mboga nazo zina wakati wake. Basi asubuhi ubao ulikuwa karakana na jioni jikoni, na nilipoalikwa kula kwao niligundua kwamba mchicha wa nyumba ile ulikuwa na ladha fulani ya safari. Mama yule alikuwa mtulivu. Aliniambia mara moja tukiwa tunachambua mchele kwamba mume wake anayaangalia yale mafuta kuliko anavyomwangalia yeye, akacheka, halafu akaongeza kwamba walau yale mafuta yanamnyamazisha.

Neno lililomuudhi Fundi kuliko matusi ni "karibu". Ukimwambia imekaribia kuwa sawa, anaweka bisibisi chini na kukutazama.

"Karibu sawa ni nini?"

"Yaani bado kidogo tu, Fundi."

"Basi si sawa. Sema si sawa. Mbona unaogopa?"

Mwenye mashine ya mbao alishawahi kumwambia kwamba barabara ya Igowole yenyewe inatetemesha, kwa hiyo tofauti ya unywele kwenye kabureta hataihisi. Fundi alifungasha vifaa vyake na kwenda kukaa kituoni. Yule bwana ikabidi amfuate na kuomba radhi mbele ya abiria waliokuwa wakingoja gari.

Na bado, mtu huyo huyo aliyeyapigania mafuta yasimame mstari mmoja, nyumba yake ilikuwa imeinama. Hata wageni waliiona. Meza yake ya chakula ilichezacheza mpaka chai inamwagika, na mguu mfupi ulikuwa umewekewa boksi la kiberiti. Suruali yake mguu mmoja uliburuza na mwingine ulionyesha soksi. Akikuahidi saa tatu, usianze kumtazamia kabla ya saa sita. Nilipomuuliza kwa nini asirekebishe hata ile meza, alisema meza haina injini.

Jambo jingine ambalo watu hawakuliamini ni kwamba hakuwahi kuendesha pikipiki, wala kupakiwa. Injini ni lazima ipate moto kwanza ndipo ipimwe, kwa hiyo alinituma mimi niizungushe hadi Mwanjelwa na kurudi, yeye akabaki amesimama getini ameinamisha kichwa anasikiliza. "Mimi ni wa pikipiki iliyosimama," alisema. Kwenda kwa wateja alipanda basi, ubao ameupakata, na kama mtu alitaka kukaa karibu naye alimwonya asiuguse, mgonjwa anausubiri.

Kisa cha ulanzi, ile pombe ya mianzi, lazima nikiseme, maana kule Mufindi bado kinasemwa na kila mwaka kinaongezwa kitu. Alikuwa amekwenda Igowole wakati wa mvua, wakati mianzi inagemwa, na chupa yake ya mafuta ikamvunjikia ndani ya basi. Duka lilikuwa limefungwa kwa sababu ya msiba. Mwenye mashine ya mbao, ambaye tangu siku ile ya kituoni alikuwa na heshima iliyopitiliza, alimpa alichokuwa nacho nyumbani, nacho kilikuwa ulanzi wa siku hiyo. Fundi hakuwa mnywaji. Kanisa lake lilikuwa haliruhusu hata kuushika. Lakini aliutazama, akaona ni kimiminika, akautia kwenye mpira.

Yeyote aliyekulia upande ule angemwambia. Ulanzi hautulii. Unachemka wenyewe, unatoa povu, na povu lilipanda kulia, likashuka, likapanda kushoto, huku Fundi akizungusha skrubu akilifuata. Alihangaika mchana kutwa. Mwishowe injini ikaunywa, ikakohoa, kwa muda mfupi ikanguruma vizuri kuliko ilivyowahi kunguruma, kisha ikazima. Habari ilifika Mbeya kabla yake: Fundi ameonekana Mufindi na ulanzi.

Wazee wa kanisa wakamwita. Alikwenda na ubao wake na kuwaeleza kwa mapana na marefu jinsi hewa inavyovutwa. Wakaomba awaonyeshe, nami nikaombwa nilete pikipiki uani kwa kanisa. Tulipomaliza, wazee walikubaliana kwamba hakunywa, lakini walimwonya kuhusu kunywesha.

Sasa nifike kwenye tabia yake ninayoikumbuka zaidi. Mafuta yakishasimama sawa, fundi mwingine angefunga kazi. Yeye alizima injini, akachomoa ncha za mpira, akazibadilisha: ya kulia anaipeleka kushoto, ya kushoto kulia. Kisha anapima upya. Kama mafuta bado yako sawa, kabureta ziko sawa. Kama sivyo, mpira ndio uliokuwa unadanganya. Hakuwahi kuacha hatua hiyo, hata mvua ikinyesha.

Aliipeleka tabia hiyo mahali ambapo haikuitwa. Buchani alimwomba muuzaji aweke nyama upande wa jiwe na jiwe upande wa nyama, na bucha zenye mizani ya kisasa alizikwepa kwa sababu hazina upande wa pili. Mimi na jirani yangu, yule wa ndoo, tulipogombana kwa ajili ya mfereji wa maji ya mvua, Fundi aliagiza kila mmoja akasimame kwenye uwanja wa mwenzake mpaka mvua inyeshe. Tulisimama, tumenuna, na mvua ilipokuja nikalowa viatu kwa maji yaliyotoka kwangu. Nilichimba mfereji upya. Sikumshukuru, na yeye hakuonekana kungoja shukrani, alikwenda zake kunywa chai kwa jirani.

Hayo yote yalikuwa kabla mkewe hajafariki. Aliugua kwa muda mfupi, na tulimzika mwezi wa baridi. Fundi hakulia hadharani. Alirudisha ubao jikoni, akauegemeza pale ulipokuwa unakaa, na baada ya arobaini bintiye alikuja kumchukua na vyombo vyake vyote, ubao ukiwamo, akaishi naye Kalenga, ambako ndiko kwao.

Mwaka huo huo mfanyabiashara wa nguo aliuza pikipiki yake, ikaenda Dar es Salaam. Mwenye mashine ya mbao alichoshwa, akatoa kabureta zote mbili na kufunga moja ya Kichina kwa bomba la kuungaunga, na inasemekana inatembea. Hakuna aliyetaka kumwambia Fundi. Alijua hivyo hivyo.

Kisha bintiye akanipigia simu. Tulikuwa hatujazoeana, kwa hiyo alianza mbali.

"Shikamoo mama. Nyumbani hamjambo? Mvua huko?"

"Marahaba. Hatujambo. Kuna nini?"

"Baba haamki."

"Anaumwa?"

"Haumwi, mama. Nimempeleka zahanati, wamesema hana kitu. Anasema tu aamke aende wapi. Chakula anakigusa, anakirudisha."

Nilikata simu nikakaa. Nimeona ng'ombe wazima wanalala chini na kukataa kuamka, na wafugaji wa Usangu watakwambia ng'ombe wa namna hiyo hatibiwi kwa sindano, anainuliwa. Niliogopa. Nikampigia Fundi mwenyewe.

"Fundi, pikipiki inatetemeka."

"Ikiwa sailensi au ikikimbia?"

"Ikiwa sailensi."

"Unaisikia mikononi au miguuni?"

"Mikononi."

"Mkono upi?"

Sikuwa nimejiandaa kwa mtihani. "Yote."

"Usiiguse. Nakuja kesho."

Alikuja kesho yake, amenyolewa ndevu, mguu mmoja wa suruali unaburuza. Akachomeka mpira, nikawasha. Mafuta yalisimama sawa tangu mwanzo, maana pikipiki ilikuwa haina kitu. Akabadilisha ncha. Sawa. Alibaki amechuchumaa pale akiyatazama, na mabega yakamshuka polepole. "Bibi Shamba, hii ni nzima," alisema. Alikula matonge machache ya ugali, akalala chumba cha uani, na asubuhi akapanda basi bila kumwonya mtu yeyote kuhusu ubao.

Nilijilaumu kwa uvivu. Nilikuwa nimemwita mganga bila kuandaa mgonjwa.

Safari iliyofuata nilijifunza. Kabla hajafika nilichukua bisibisi ya marehemu mume wangu, nikaiendea skrubu ya kulia, nikaizungusha robo. Pikipiki ikaanza kutetemeka mpaka kioo kikalegea. Fundi alipofika getini, nami nimeiwasha makusudi, alisimama, akainamisha kichwa, na uso wake ukafunguka mbele yangu. Kisha akaanza kunigombeza.

"Hivi wewe unaiendeshaje hii pikipiki?"

"Kawaida tu, Fundi."

"Kawaida! Unapita kwenye matuta ya mpunga?"

"Mara mojamoja."

Alinigombeza asubuhi nzima akiwa chini pale, na mchana alikula sahani mbili. Bintiye aliniambia aliporudi alisimulia safari hiyo kwa siku kadhaa na akaanza kumsemesha kila mtu kijijini, hata waliokuwa wanamkimbia.

Basi ikawa hivyo. Mvua ikikatika nampigia. Shule zikifungwa nampigia. Kabla ya Krismasi nampigia. Majirani walisema maneno yao kuhusu mjane na mgeni wa kiume anayelala uani, nami niliwaacha waje wenyewe waone mzee amechuchumaa na mpira wa dripu. Nimesemwa kuwa dereva mbaya kuliko wote wa Nyanda za Juu Kusini, nimesemwa hivyo mbele ya wanangu, na sikujitetea. Kila mara robo, kila mara skrubu ile ile ya kulia, maana ndiyo iliyo rahisi kufikia bila kupiga magoti.

Mwaka jana bintiye alipokea simu badala yake. Miguu ya baba imevimba, alisema, hawezi tena kupanda basi. Lakini ameuliza kama pikipiki ya Mbeya ni nzima.

"Mwambie inatetemeka," nikasema. "Mwambie naileta."

Nilikuwa nimeshastaafu na magoti yangu yana maoni yake. Nililala Makambako njiani. Iringa nilipita bila kusimama, nikashika njia ya Kalenga, na karibu na kwao nikaegesha chini ya nguzo ya umeme, nikatoa bisibisi. Wanawake wawili waliokuwa wanatoka shambani walisimama kunihurumia.

"Kamwene, mama. Imeharibika?"

"Bado," nikawajibu. "Ndiyo naiharibu."

Wakatazamana, wakaendelea na safari yao.

Fundi alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni, blanketi mapajani. Alikuwa amekonda hata shingo ikaonekana ndefu. Moyo wangu uliuma, sitaficha. Nilianza kusalimia, naye akainua mkono.

"Zima. Nimeshaisikia tangu barabarani."

Bintiye alileta ubao. Tulisogeza pikipiki mpaka ikagusa kiti, kwa sababu hakuweza kuinama. Kuchomeka mpira kulimshinda, nikachomeka mimi. Bisibisi hakunipa. Ilimchukua muda mrefu kuipata skrubu, ikamteleza, akaipata tena, na mafuta yakapanda huku, yakashuka kule, yakasimama. Akaniashiria nibadilishe ncha. Nikabadilisha. Yakasimama palepale.

Nilizima injini. Yeye hakuiondoa mikono yake pale. Alikuwa anaipapasa ile skrubu ya kulia kwa kidole gumba.

"Bibi Shamba."

"Abee."

"Hii skrubu kichwa kimechakaa."

"Pikipiki yenyewe ni ya zamani, Fundi."

"Ya kushoto nayo ni ya zamani. Haijachakaa."

Bintiye alikuwa ameingia ndani kupika chai.

"Kila ukinipigia simu unazungusha hii hii," akasema.

Nilisikia uso wangu unawaka. "Umejua tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Pikipiki haiharibiki robo kamili."

"Mbona hukusema miaka yote hiyo?"

"Ungeacha kupiga." Alifuta bisibisi kwa blanketi, taratibu, pande zote, akanipa. "Safari ijayo zungusha ya kushoto."

Nikasema sawa, nitazungusha ya kushoto, kisha nikainama kuchomoa mpira ili asinione usoni.